Dawa ya Maji

Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi, asubuhi, akiwa anafunga kamba ya kiatu. Upande wa kushoto ukaenda. Mkono ulirudi kidogo kidogo, mguu ukabaki na ganzi. Ukiufinya hasikii. Ukiuwekea kitambaa cha moto hasikii. Daktari wa mazoezi alituambia bila kuzunguka: mguu huu bado unaweza kusimama, ila goti likiachwa bila kazi litajifunga, na likishajifunga halifunguki tena. Aliposema hivyo alinitazama mimi, hakumtazama mzee. Nikajua kazi hiyo ni ya nani.

Akasema kitakachosaidia ni maji ya vuguvugu, ya kufika kiunoni. Mtu akiwa ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi, mguu uliokataa nchi kavu unakubali. Sisi tunakaa ufukweni kabisa, ziwa liko mbele ya mlango, lakini ziwa lina kichocho na lina mawimbi, na mwezi wa sita na wa saba lina baridi ya kukata vidole. Kwa hiyo kijana wetu, anayefanya kazi mbali, akapata jakuzi kwenye hoteli moja iliyokuwa inafunga. Lile beseni kubwa la kuogea lenye mashine na hita. Likaja juu ya lori, wanaume wanane wakalishusha, likawekwa nyuma ya nyumba, kati ya mawe mawili, likatengenezewa paa la bati.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Nilizaliwa upande wa Bujora, nikaolewa huku ziwani nikiwa bado sijajua kupika ugali wa watu wengi. Mashine sikuzijua. Lakini kazi ukionyeshwa mara mbili unaijua. Kila asubuhi natoa majani na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Jumatano nachomoa chujio naliosha. Naweka kidonge kimoja cha dawa kwenye kikapu chake. Jumamosi anakuja fundi kutoka Buhongwa, anachovya vikaratasi vyake, anaangalia rangi, anaongeza hiki na kile, anaondoka. Mwezi wa nne tulianza, na saa tatu asubuhi kila siku nilikuwa naingia na mzee majini, mimi na gauni langu la zamani, yeye na kaptula.

Jirani yetu anaanika dagaa juu ya mawe, halafu anapeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Kila akitupita anapaza sauti, anaanza na salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Mzee ameshaiva?"

"Bado mbichi," mzee anajibu mwenyewe. "Ongeza kuni."

"Msimsahau humo jamani, atakauka mchuzi!"

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mzee alikuwa anasimama. Anashika chuma cha pembeni, anapiga hatua tatu, anageuka, anapiga tatu. Niliona. Goti lilikuwa linanyooka karibu lote.

Hapo ndipo upepo ulipoangusha nguzo ya umeme. Haikuwa mvua, ulikuwa ule upepo wa kipupwe unaotoka ziwani, unaovuma toka alfajiri mpaka macho yanauma. Nguzo ilianguka na nyaya zake, upande wetu wote ukazima. Tuliambiwa kesho. Kesho ikawa siku sita.

Siku ya kwanza nililifunika jakuzi na mfuniko wake, maji yakabaki na joto. Siku ya pili yakawa kama maji ya kunawia yaliyosahaulika. Siku ya tatu yalikuwa ya baridi. Mashine haizunguki, dawa imekwisha nguvu, maji yamesimama tu. Nyumbani maji ya mtungini yakilala ndiyo yanakuwa matamu. Haya hayakuwa hivyo. Siku ya nne yakanuka kama maji ya maua ya kanisani, siku ya tano nikapitisha mkono ukutani kukawa na utelezi kama ngozi ya kambale. Rangi ikawa ya kisamvu.

Na mzee yuko kitandani. Nilimkanda asubuhi na jioni, nikamvuta mguu, nikauweka juu ya mapaja yangu nikaubonyeza. Siku ya nne ya giza nilianza kusikia goti linanigomea. Kama mlango uliovimba kwa mvua, unausukuma unafika mahali unakataa. Mzee alikuwa ananitazama usoni ili ajue. Nikainamisha uso nikaendelea kubonyeza.

Simu nilichajia kwa jirani, yeye ana sola. Nikampigia fundi. Alikuwa ameitwa Bukoba kutengeneza mashine ya hoteli, kurudi kwake mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata. Lakini alinieleza vizuri, nami nikamrudishia maneno yake moja moja. Umeme ukirudi, mwaga maji yote. Sugua kuta mpaka utelezi uishe. Osha chujio. Jaza maji mapya. Weka dawa ya maji. Washa mashine izunguke, hita ipandishe joto, ndipo mtu aingie.

"Bila dawa asiingie, bibi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Umeme ulirudi Jumatatu mchana. Nikafungulia maji, yakaenda. Niliingia ndani kwa magoti nikasugua kwa brashi ya kufulia, kona zote, hata zile tundu ndogo zinazotoa hewa nikazipitisha kijiti. Chujio lilikuwa limeziba kwa kitu kama uji mweusi. Nikaliosha, nikalianika, nikaliosha tena. Halafu nikawasha pampu, tukajaza kwa maji ya ziwa kutoka kwenye tangi, maana ya bomba yalikuwa hayajaanza kutoka. Baada ya upepo ule ziwa lilikuwa limevurugika. Maji yakaja na rangi ya chai yenye maziwa kidogo.

Nikaenda kuchukua ndoo ya vidonge vya fundi. Mfuniko ulikuwa haukufungwa vizuri, na vidonge vyote vimeyeyuka vimekuwa tope, havina hata ile harufu ya kuchoma pua. Nikasema dawa isiyonuka imekufa. Nikaimwaga shimoni, nikaosha ndoo.

Sikuwa na wasiwasi. Sisi wa ufukweni, ukisema dawa ya maji, tunajua ni shabu. Lile jiwe linalong'aa kama chumvi ya mawe. Mama mkwe wangu alikuwa anafunga kipande kwenye kitambaa, anakizungusha kwenye pipa, anaacha, kesho tope lote liko chini na juu unajiona uso. Nimelea watoto saba kwa maji hayo. Ukienda dukani ukasema "nipe dawa ya maji" utapewa shabu, hutaulizwa swali la pili. Nilikuwa nayo ndani, nyingi. Nikaiponda kwenye kinu, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaizungusha ndani ya jakuzi kwa mwiko mrefu wa sherehe. Nikaliacha. Jumanne asubuhi tope lilikuwa limelala chini kama blanketi. Nikalifyonza kwa mpira taratibu, bila kulitibua, nikapunguza maji ya chini na kuongeza kidogo juu. Nilipomaliza niliona skrubu za chini, moja moja.

Nikawasha mashine. Nikampigia fundi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeme umerudi. Nimefanya ulivyosema."

"Umesugua?"

"Nimesugua mpaka bega halipandi."

"Na chujio?"

"Mara mbili."

"Umeweka dawa ya maji?"

"Nimeweka."

"Ya kutosha, bibi?"

"Wewe, mimi nimeanza kuweka dawa ya maji kabla mama yako hajazaliwa."

Akacheka. "Haya, nimekoma. Maji yenyewe yakoje sasa?"

"Meupe."

"Meupe kama maziwa, au meupe kama glasi?"

"Kama glasi."

"Basi hapo safi kabisa. Yakishapata moto mwingize babu. Tutaonana Jumamosi."

Ndiyo maneno yaliyosemwa. Nimeyapitia mara nyingi na sioni uongo ndani yake, wala wa kwake wala wa kwangu.

Jumatano saa tatu tuliingia. Mzee alipokaa majini alifumba macho, akasema, "Nilidhani nimeshakufa nikasahau kuzikwa." Goti lilikuwa gumu siku hiyo. Alhamisi likalegea. Ijumaa alipiga hatua nne, hajawahi kupiga nne. Jirani alikuwepo, akapiga vigelegele mpaka kunguru wakaondoka kwenye dagaa wake.

Ijumaa hiyo jioni nilianza kuwashwa. Mapaja, tumbo, chini ya matiti, kila mahali gauni liliposhika maji. Vipele vyekundu vyenye kichwa. Mzee naye alikuwa anajikuna mguu wa kulia kwa fimbo yake.

"Mmelalia upupu?" jirani aliuliza.

"Blanketi jipya," nikasema. Nilidhani hivyo kweli.

Nikampaka mzee mafuta ya mgando mguu wa kulia, na tumbo, na mgongo. Mguu wa kushoto alikuwa haulalamikii. Tangu tutoke majini ulikuwa ndani ya soksi kwa sababu ya baridi, nami sikuivua. Mimi niliyejua kwamba mguu ule hausemi, niliusubiri useme.

Jumamosi fundi akaja. Akaniletea mkate wa Bukoba, akaniamkia, akaenda moja kwa moja nyuma. Aliinama akaangalia maji akasema, "Duh, bibi, haya ungeweza kuyauza kwenye chupa." Halafu akachovya kikaratasi. Akakingoja. Akakitikisa. Akachovya kingine. Kile kiboksi cha juu, ambacho siku zote kinageuka rangi ya waridi, kilibaki cheupe.

"Humu hamna dawa."

"Ipo."

"Bibi, hamna. Hata tone."

"Niliweka Jumatatu kwa mikono yangu. Unataka nikuonyeshe?"

Nikaenda ndani nikaleta kipande kilichobaki. Nikakiweka kiganjani mwake. Alikitazama, akakigeuza, akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Halafu akakaa kwenye ngazi, na boksi lake la vifaa likiwa bado wazi.

"Hii ni shabu."

"Si dawa ya maji hiyo?"

"Hii inaangusha tope tu. Haiui kitu."

"Maji ni meupe."

"Meupe ndiyo, bibi. Hao wadudu hawaonekani kwa macho. Maji ya moto, hayana dawa, watu wanaingia siku tatu..." Aliona mikono yangu, jinsi nilivyokuwa najikuna bila kujijua. "Babu naye anawashwa?"

"Anawashwa."

"Ana kidonda popote?"

Nilikwenda ndani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti anasikiliza redio. Nikapiga magoti nikavuta soksi ya kushoto, haikutoka vizuri, ilikuwa imegandia kisiginoni. Kisigino chake kilikuwa na ufa, ule ufa wa kawaida wa baridi, kila mtu anao. Sasa ulikuwa umefunguka na una maji ya njano, na mguu ulikuwa umevimba, mwekundu mpaka karibu na goti, na moto kama birika.

"Kuna nini?" mzee akaniuliza.

"Unaumwa mguu?"

"Upi?"

Fundi alitubeba na gari alilokuja nalo. Hospitali walimlaza hapo hapo. Daktari wa zamu aliuliza mguu umeingia maji gani, nikasema maji yenye dawa, halafu nikasema hapana, nikaeleza upya. Aliandika. Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Alikaa wodini siku kumi na nane. Dripu, sindano, kidonda kinasafishwa asubuhi na jioni. Mguu waliuweka juu ya mito miwili, goti limekunjwa, usiguswe mpaka uvimbe ushuke. Nikawa nakaa pembeni naliangalia lile goti lilivyokunjwa. Siku ya tano nikamwambia nesi, mwanangu, hili goti lisikae hivi. Akasema mama, kwanza tuokoe mguu. Alikuwa na haki. Nikarudi kukaa.

Watu huuliza, ulilia? Sikulia. Nilikula chakula chote kilicholetwa. Nilifua mashuka. Vipele vyangu vilipona vyenyewe baada ya wiki, vikaacha alama za kahawia, na nilipozigusa nilikuwa sisikii kitu, kama vile ninagusa ngozi ya mtu mwingine. Jirani alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Akasimama miguuni mwa kitanda, akashindwa kujizuia.

"Mzee, tulikuambia uive, hatukusema uungue."

Mzee alicheka mpaka dripu ikatikisika. Mimi nilikuwa natafuta kikombe.

Kijana wetu alipiga simu. "Mama, si kosa lako."

"Ni la nani?"

Mtandao ukakata, au alikata yeye.

Mguu ulipona. Hilo niliseme, mguu haukukatwa. Siku ya kutoka alikuja yule daktari wa mazoezi. Alishika kisigino kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akanyoosha polepole. Goti lilikwenda kidogo likasimama. Akajaribu tena kwa kuzunguka pembeni. Likasimama pale pale. Akalirudisha, akamfunika mzee na shuka, akanyanyuka.

"Limejifunga, mama."

"Tukirudi majini?"

"Maji yalikuwa ya kulizuia lisifike hapa."

Nikasema asante. Mtu akikuambia ukweli unamshukuru.

Fundi alikuja wiki ya pili tangu turudi, bila kuitwa. Alimwaga maji yale ya shabu, akasugua yeye mwenyewe, akajaza, akaweka dawa yake ya unga, nyingi kwa mara moja. Anaita kuyashtua maji. Alinieleza kila kitu kama mtu anayesomesha: maji yakikosa umeme hata siku moja, yashtue, usihesabu weupe, hesabu rangi ya kikaratasi, harufu ya kuchoma pua haitoshi, na kukosa harufu hakutoshi, pima. Akaniachia vikaratasi chupa nzima. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa naweza kumrudishia neno kwa neno.

Alipomaliza alisimama anafuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyotaka.

"Bibi, mimi ndiye nilipaswa kuuliza ni dawa gani."

"Na mimi nilipaswa kujua kwamba ziko mbili."

"Nisamehe."

"Umekula?"

Hakuwa amekula. Nikampakulia. Alikula ameinamisha kichwa.

Jioni ya siku ya pili nikachovya kikaratasi mwenyewe. Kikageuka waridi pale pale panapotakiwa. Maji yalikuwa ya moto, yanazunguka, yana afya kuliko siku zote tangu yaje kwetu. Nikamsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni.

"Yako tayari," nikasema. "Unaingia?"

Aliyatazama. Aliweka mkono mzima juu ya goti lililokunjika, akauacha hapo.

"Kufanya nini?"

Nilifikiri jibu. Kuna majibu mtu anaweza kutoa. Joto ni zuri kwa mgongo, mguu mwingine nao unahitaji kazi. Yote ni kweli.

Nikazima hita. Nikampigia fundi nimuulize maji yenye dawa kali namna ile naweza kuyamwaga wapi. Akasema nisiyamwage yakiwa hivyo, yataua mboga na yatadhuru samaki. Nilifungue jakuzi, jua liyapige maji siku tatu nne, nipime, kikaratasi kikibaki cheupe niyaachie. Hakuniuliza kwa nini. Nikafanya hivyo. Siku ya nne kikabaki cheupe, nikafungua koki ya chini.

Yalipita katikati ya mawe, yakazunguka mashina ya migomba, yakateremka kuelekea ziwani. Tulikaa tunayaangalia, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye kigoda. Yalichukua saa mbili na kitu. Mzee alisinzia kabla hayajaisha, jua likawa limemfika usoni, nikanyanyuka nikamsogeza kivulini.